Wasifu wa Bibi Machachari wa Usukumani

Wasifu wa bibi kizee aliyefariki Shinyanga au Geita hukwama mapema, kwenye mwaka wa kuzaliwa. Wanawake wengi waliozaliwa huko kabla ya miaka ya 1940 hawakuandikwa popote, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha taifa mara nyingi ni ya kukadiria tu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mazishi, wengine wakiota moto uani, huketi pembeni watu wawili watatu na daftari, wakamuuliza mzee wa rika lake: Williamson alipokuja, marehemu alikuwa ameshavunja ungo? Wakati wa kuhamia vijijini, alikuwa amembeba mgongoni mtoto wa ngapi?

Maswali hayo yana uzito, kwa sababu nchi ile imepitia mambo makubwa ambayo miaka yake inajulikana. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa kitovu cha vita dhidi ya mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na watu walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Upande wa Geita kuna mgodi wa dhahabu wa wakoloni, ulioanza miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, na kuna mwaka 1958, wananchi walipoikataa halmashauri ya wilaya ya mchanganyiko wa rangi. Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka 1961 zilizofanya Ziwa Victoria lifurike, operesheni ya vijiji katikati ya miaka ya 1970, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Aliyevunja ungo mwaka wa almasi, akafariki mwaka 2015, alikuwa anakaribia miaka 90. Hesabu hiyo ni ya kuaminika kuliko ile ya karani aliyejaza fomu kwa haraka.

Umri ukishapatikana, mengine huandikwa upesi: ndoa, watoto, wajukuu, vitukuu, ugonjwa. Bahati mbaya karatasi huishia hapo, wakati waombolezaji wamekuja na mambo mengine kabisa. Wanamkumbuka jinsi alivyojua kukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya majabali hadi vikawa michembe inayotafunika ikivunjika, au kuvichemsha kwanza ili vikauke kuwa matobolwa. Wanakumbuka misimu ya pamba, na bugobogobo, ngoma ya majembe iliyochezwa huku shamba likilimwa. Wanakumbuka zaidi viwanja vya ngoma baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana kuvuta watazamaji, na bibi ambaye hata magoti yalipogoma alijipenyeza hadi mbele na kucheza kwa mabega.

Uhuru wa namna hiyo haukuwa rahisi. Mahari ya Kisukuma ni ng'ombe, na mwanamke aliyemwacha mume aliwaingiza baba na kaka zake kwenye deni la kuwarudisha ng'ombe hao, pengine wakiwa wameshatumika kumwolea mke mmoja wa kaka hao. Wengi walivumilia. Wachache walioondoka waliishi walivyotaka, na ndio ambao visa vyao havichuji. Dhahabu iliwapa baadhi yao pa kukimbilia. Wachimbaji wadogo walipofurika Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu upande wa Geita, wanawake walifika kupika, kuuza pombe na kuponda mawe kwa nyundo kabla mashine za kusaga mawe, karasha, hazijaenea. Miiko iliwazuia wasishuke shimoni, lakini haikuwazuia wote kumiliki duara, yaani shimo la kuchimbia, na kuwalipa wanaume wa kushuka. Mwanamke wa aina hiyo akizeeka huwa na nyumba yake, maneno yake na wageni wake, na watoto wa mtaa mzima humwita bibi.

Msibani utani ndio unaomrudisha vizuri kuliko wasifu. Kati ya bibi na mjukuu utani ni haki. Mjukuu huweza kufunga kanga kama marehemu, akatembea kwa mkongojo na kudai deni la ugoro mbele ya wafiwa, na waliokuwa wakilia wakacheka bila kuona aibu. Kwa kifo cha mtu aliyekula chumvi nyingi, hiyo ni heshima kamili.

Tanzania nzima ilimuaga mwanamke wa aina hii tarehe 17 Aprili 2013, alipofariki Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wa Zanzibar. Naye hakuwa na cheti. Umri wake ulihesabiwa kutokana na kuzaliwa kwake enzi za rupia, na wengi walimpa zaidi ya miaka 100. Aliikimbia ndoa, alipiga ngoma za unyago, aliimba taarabu jukwaani katika uzee mkubwa, na alivuta sigara hadharani bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX. Kilichomfanya apendwe ni kwamba hakujifanya mtu mwingine.

Usukumani, sifa hizo hizo zimewaponza wengine. Kuishi peke yake, kuwa na mali, kusema wazi na kuishi miaka mingi kuliko majirani vimewahi kutosha kumfanya bibi aitwe mchawi. Macho mekundu yaliongezwa kuwa ushahidi, ingawa yanatokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni kwa miaka 60 au 70. Kati ya mwaka 1970 na 1984 serikali ilihesabu nchini watu 3,693 waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukumani. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kulikuwa na ugomvi wa shamba au mirathi, na mganga aliyelipwa ataje jina. Bibi hawa walizikwa haraka, bila wasifu na bila utani, maana aliyewalilia mno angeweza kushukiwa naye. Huo ni unyama wa pili baada ya ule wa panga.

Mauaji hayo yamepungua kutokana na kazi ya polisi, mabaraza ya wazee, mashirika yanayotetea wazee na majiko yanayopunguza moshi. Desturi ya zamani ya kumpelekea bibi mjukuu wa kulala naye inasaidia pia. Mtoto huyo huteka maji na kuchochea moto, na jioni husikia kwa kinywa cha bibi mwenyewe habari za Williamson, za ng'ombe waliorudishwa na za duara lililotema dhahabu.