Je, Wajua? Herufi Moja, Ugomvi wa Miaka 8

Je, wajua kwamba watu wazima wenye akili zao waligombana miaka 8 kwa sababu ya herufi moja kwenye neno la Kiingereza la mtindi? Wengine huliandika kwa H katikati, wengine bila. Mwaka 2003 makala ya mtindi katika Wikipedia ya Kiingereza ilitiwa H, na hapo moto ukawaka hadi Desemba 2011, H ilipotolewa. Hakuna aliyelipwa hata senti moja, na mtindi wenyewe miaka yote hiyo watu walikuwa wanaunywa tu.

Ndiyo, Wikipedia hiyohiyo unayoifungua kwenye simu ukitaka kummaliza mbishi wa kijiweni. Ilizaliwa 15 Januari 2001, na leo ina lugha zaidi ya 300. Makala zake zimeandikwa na watu wa kujitolea: mwanafunzi, nesi, mstaafu, padri, yeyote yule. Wafanyakazi wa Wikimedia Foundation, taasisi ya San Francisco inayoiendesha, hushughulika na mitambo, fedha na mawakili. Kuandika makala si kazi yao.

Unadhani herufi H ni kichekesho? Subiri. Mwishoni mwa 2012 wahariri walianza kubishana kuhusu sinema ya Star Trek Into Darkness: ile I ya Into iwe kubwa au ndogo? Walipofika Januari 2013 walikuwa wameandika maneno zaidi ya 40,000. Hayo ni maneno ya riwaya nzima, mwenzangu, na mhusika mkuu ni herufi I! (Kubwa ilishinda.)

Je, wajua kwamba mwana wa Zanzibar naye yumo kwenye orodha ya ugomvi wa kipuuzi kuliko wote? Wikipedia ya Kiingereza ina ukurasa maalumu unaojicheka wenyewe kwa kukusanya mizozo ya aina hiyo. Mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, yumo. Mzozo wenyewe: aitwe Mwingereza, Mhindi, Mparsi, Muirani au Mzanzibari? Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, yeye akazaliwa Unguja na kupata jina London, kwa hiyo kila upande ulikuwa na kamba ya kuvutia.

Mji wa Gdańsk ulioko Poland, ambao Wajerumani waliuita Danzig, uliwatoa watu jasho hadi ikabidi wapige kura mwaka 2005. Sikia matokeo yake: ukiandika habari za kati ya 1308 na 1945 unauita Danzig, na kabla au baada ya hapo unauita Gdańsk. Mji mmoja, majina mawili, na kalenda ndiyo mwamuzi!

Lakini kura ni nadra. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba katika Wikipedia wingi wa watu hauamui kitu. Mkiwa 20 mnaosema "ndiyo" bila hoja, na mmoja akasema "hapana" akiwa na vitabu vitatu mkononi, huyo mmoja anaweza kuwashinda. Wenyewe wanauita utaratibu huo makubaliano. Kwa mtu aliyezoea mikutano ya kunyoosha mikono, hii ni dunia nyingine kabisa.

Je, umewahi kubonyeza neno Majadiliano juu ya makala? Hujawahi! Kila makala ina ukurasa huo nyuma yake, na huko ndiko watu wanakokunjiana ngumi za maneno. Ukimaliza kusema lako unaandika alama 4 za wimbi, hivi: ~~~~, na mtambo wenyewe unageuza alama hizo kuwa jina lako, saa na tarehe. Huwezi kusema kesho kwamba hukuwapo.

Karibu na hapo kuna neno Historia. Bonyeza uone maajabu: kila toleo la makala tangu siku ya kwanza limehifadhiwa, pamoja na jina la aliyebadilisha na dakika aliyobadilisha. Mtu akiingia usiku akafuta makala nzima na kuandika matusi, mwenzake wa asubuhi anairudisha kwa kubofya mara moja. Kuharibu kunachukua dakika, kutengeneza kunachukua sekunde! Sijui ni wapi pengine duniani hesabu inakwenda hivyo.

Wikipedia ya Kiingereza peke yake hubadilishwa mara 2 hivi kila sekunde. Ukimaliza kusoma sentensi hii, kumi zimeshapita. Ndiyo maana wameajiri roboti, tena roboti za kompyuta zisizolala wala kudai posho: moja yao, ClueBot NG, inakamata matusi na upuuzi na kuufuta tangu mwaka 2010, mara nyingi kabla mwandikaji hajamaliza kucheka.

Je, wajua kuna sheria ya mara 3? Katika Wikipedia ya Kiingereza, ukitengua kazi ya wenzako kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24, unaweza kufungiwa. Ukweli ukiwa upande wako je? Unaweza kufungiwa vilevile, isipokuwa kama ulikuwa unafuta uharibifu wa wazi. Rudi kwenye Majadiliano ukabishane huko.

Mizozo iliyoshindikana kabisa ina mahakama yake. Kamati ya Usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza ilianza kazi 2004, ina wajumbe 15, na wanachaguliwa na wahariri wenzao. Mwaka 2009 kamati hiyo ilifungia anwani zote za intaneti za Kanisa la Scientology zisihariri. Taasisi yenye majengo na mawakili, imetolewa nje na watu wanaojitolea jioni wakitoka kazini!

Hata mwenye mji haponi. Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wawili, mwaka 2005 aliumbuka ilipojulikana kwamba amehariri wasifu wake mwenyewe mara 18, na katika baadhi ya mara hizo alifuta maneno yanayomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake. Umefungua Historia? Yote yameandikwa humo. Sanger yupo kwenye makala mpaka leo.

Sasa tuje nyumbani. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na imeshavuka makala 80,000. Wasimamizi wake wanaitwa wakabidhi, na hawafiki hata 30. Ndio wanaofuta upuuzi, wanaofungia wakorofi na wanaosuluhisha waliogombana, kwa ajili ya lugha inayosemwa na mamilioni ya watu kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Tena hawana posho ya kikao.

Google nao waliwahi kuandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili, wakawaita wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Kati ya zawadi ilikuwamo kompyuta ya mkononi! Lakini kompyuta ni hiyohiyo inayotafsiri hovyo, na hadi leo tafsiri ya mashine ambayo haikupitiwa na jicho la mtu ni chanzo kikubwa cha mikwaruzano kwa wahariri wa Kiswahili. Mwandikaji anasema "nimeongeza makala", mkabidhi anajibu "umeongeza kazi". Mimi niko na mkabidhi. Makala moja inayosomeka ni bora kuliko kumi zinazokulazimu ubahatishe mwandishi alikusudia nini.

Ukiona natia chumvi, tazama yaliyowapata Waskoti. Mwaka 2020 iligundulika kwamba Wikipedia ya lugha yao ilikuwa na makala zaidi ya 20,000, karibu thuluthi ya zote, zilizoandikwa na kijana mmoja wa Marekani aliyeanza akiwa na umri wa miaka 12. Na lugha yenyewe haijui! Kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumbishia hadi mwisho.

Na Wikipedia ya pili kwa wingi wa makala duniani, unadhani ni ya Kifaransa? Kijerumani? Ni ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino. Ina makala zaidi ya milioni 6, na karibu zote ziliandikwa na programu moja ya kompyuta iliyotengenezwa na Msweden.

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba hata Soga, kata ya Kibaha, imo? Imo, ndugu yangu! Karibu kila kata ya Tanzania ina ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiswahili, kwa hiyo Soga ipo pamoja na kata nyingine za Kibaha kama Kwala, Magindu na Mlandizi, na ukivuka kuingia Kisarawe unazikuta Mzenga na Maneromango. Kurasa hizi za kata kwa kawaida ni fupi kama risiti: jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa, basi. Chini yake hubandikwa ilani kwamba makala bado ni mbegu, na msomaji anaombwa aongeze anachokijua.

Na cha kuongeza kipo tele! Treni ya reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na Soga ina stesheni yake. Hapo jirani reli ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar mwaka 1905, bado ipo. Reli za karne mbili tofauti kwenye kata moja, na wewe umekaa na simu yenye chaji!

Unaogopa kuandika kwa kuwa huna jina kubwa? Huko jina halina kazi. Mmarekani Steven Pruitt amefanya mabadiliko zaidi ya milioni 5 kwenye Wikipedia ya Kiingereza bila kulipwa, na alianza kwa makala moja tu, ya babu yake wa kale. Wenzako wa Afrika Mashariki nao hawako nyuma: Agosti 2025 mkutano wa dunia wa wahariri, Wikimania, ulifanyika Nairobi kuanzia tarehe 6 hadi 9. Ulikuwa wa 20, na wa kwanza kufika Afrika Mashariki. Kabla ya hapo bara zima lilikuwa limeupata mara mbili tu: Alexandria 2008 na Cape Town 2018.

Onyo moja tu, na hili ndilo linalowatoa watu machozi. Wikipedia haipokei "mimi nilikuwapo". Kila jambo linahitaji chanzo kilichochapishwa: kitabu, gazeti, ripoti. Mwaka 2012 mwandishi mashuhuri wa Marekani, Philip Roth, alitaka kusahihisha makala kuhusu riwaya yake mwenyewe, The Human Stain, kwa sababu ilisema mhusika wake mkuu ametokana na mtu fulani. Roth akasema: "Siyo, ni rafiki yangu, na mimi ndiye niliyeandika." Akajibiwa kwamba maneno yake peke yake hayatoshi!

Unajua alifanya nini? Aliandika barua ndefu ya wazi, ikatoka kwenye tovuti ya jarida la The New Yorker mwezi Septemba mwaka huohuo. Sasa chanzo kikawapo, na makala ikaongezewa maelezo yake.

Kwa hiyo babu yako pale Soga, anayekumbuka nani alikuwa mkuu wa stesheni na wapi watu walichota maji, hawezi kuingia Wikipedia moja kwa moja hata akiapa. Mwite mwandishi wa gazeti kwanza, babu ahojiwe, gazeti litoke. Halafu wewe ndiyo ubonyeze Hariri, na usisahau zile alama 4 za wimbi, maana lazima atatokea mtu wa Mlandizi kubisha.