Printa Haijafa, Imekosa Draiva

Anayefungua steshenari Buzebazeba, Kigoma, kama kwingine mitaani, mara nyingi huanza na kompyuta ya mtumba na printa kuukuu. Fundi akimpigia Windows mpya, kompyuta inawaka vizuri, ila printa haionekani. Itasemwa imekufa. Mara nyingi ni nzima.

Word na programu nyingine haziigusi printa zenyewe. Huuomba mfumo endeshi, yaani Windows, nao hupitisha kazi kwa draiva, programu ndogo inayoijua printa hiyo. Ndivyo MV Liemba ilivyohudumia vijiji visivyo na gati ziwani Tanganyika: meli inasimama majini, mitumbwi inashusha abiria na mizigo. Pasipo mtumbwi, mzigo haushuki hata meli iwe mpya vipi.

Kinachoikosanisha printa na Windows mpya ni biti. Mfumo wa biti 32 huandika anwani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Hizo zinatosha anwani 4,294,967,296, yaani GB 4. Ukiweka RAM ya GB 8 kwenye Windows 10 ya biti 32, umetupa pesa. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa za biti 64 zilizoendelea kuelewa maagizo ya zamani, kisha Intel ikafuata. Ndiyo maana Windows ya biti 64 bado huendesha programu za biti 32. (Zile za biti 16, za enzi za DOS, ilishazitupa.) Lakini huruma hiyo haifiki kwa draiva: mfumo wa biti 64 hutaka draiva ya biti 64, basi. Kiwanda kisipoiandika, printa inabaki pambo la mezani.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Mitumba mingi haifiki hapo. Kuilazimisha kuendesha Windows 11, kwa maoni yangu, ni kununua usumbufu.

Kabla ya kumlipa fundi, fungua Settings, kisha System, kisha About, usome palipoandikwa System type. Halafu tafuta draiva ya printa yako kwenye tovuti ya kiwanda. Ikikosekana, mwambie fundi akuwashie Linux, mfumo endeshi mwingine wenye draiva zake, kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote, mchapishe ukurasa mmoja wa majaribio.