Barabara Kuu na Wanaoikata: Kazi ya Mhandisi wa Serikali Isiolo

Barabara kuu ikikamilika, hesabu inayotangazwa ni moja tu: kilomita ngapi za lami. Kwa Isiolo, hesabu hiyo ni ya kujivunia kweli. Kwa miongo mingi lami kutoka Nairobi ilikomea katika mji huu, na aliyetaka kufika Moyale alipanda lori la mizigo, akasafiri siku mbili au tatu juu ya mawe ya Dida Galgalu, mara nyingi katika msafara uliolindwa na polisi. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika mpakani, takriban kilomita 500 kutoka Isiolo, na safari hiyo sasa ni ya siku moja. Hata hivyo, kilomita pekee hazitoshi kumpima mhandisi wa barabara kuu. Barabara ina wenyewe wa aina mbili: wanaoifuata na wanaoikata. Anayeifuata ni dereva wa trela, abiria wa basi, mfanyabiashara mwenye shehena ya kwenda Ethiopia. Anayeikata ni mchungaji na ngamia wake, mtoto wa shule, mama mwenye mtungi wa maziwa, punda milia, na maji ya mvua. Wote wana haki ya kuhudumiwa na mhandisi wa serikali, ila michoro yake kwa kawaida huanza na kuishia kwa wale wa kwanza.

Isiolo ina sababu ya pekee ya kulidai jambo hili. Serikali ya kikoloni iliufanya mji huu kuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Sheria ya 1902 kuhusu wilaya za pembezoni, na baadaye ile ya 1934 kuhusu wilaya maalumu, ziliwataka watu wawe na kibali kuingia na kutoka, na mifugo ya kaskazini ilizuiwa kwa karantini isichanganyike na ile ya mashamba ya walowezi. Uhuru haukuliondoa lango mara moja. Mwaka 1963 mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, ambaye jina lake linabebwa leo na wadi ya katikati ya mji, aliuawa, na vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vikafuata hadi 1967. Katikati ya vita hivyo ulitoka Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, ambako zingezaa haraka. Sheria za hali ya hatari katika eneo hili ziliondolewa 1991 tu. Watu waliopitia hayo wanajua kwamba njia ya serikali inaweza kufungua na inaweza pia kufunga, kwa hiyo wanapouliza barabara mpya itapita wapi na watavukia wapi, si ukaidi wala ujinga wa maendeleo.

Tatizo halimo katika roho ya mhandisi. Limo katika mpangilio wa kazi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu, na barabara kuu za kitaifa zikawa chini ya mojawapo, KeNHA. Mhandisi wake ana mamlaka kamili juu ya ukanda mrefu mwembamba, yaani lami, mabega yake na hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu huweza kufika upana wa mita 60. Nje ya ukanda huo kila kitu kina mwenyewe mwingine. Soko ni la kaunti, mnyamapori ni wa shirika la wanyamapori, KWS, mto ni wa mamlaka ya rasilimali za maji, na njia ya mifugo ni ya wazee wa jamii wasio na ofisi wala muhuri. Kila kinachoikata barabara kinatoka kwa idara nyingine na kwenda kwa idara nyingine, kikipita mita 60 tu mikononi mwa mhandisi. Ni rahisi sana kukisahau.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayolipiza kisasi haraka zaidi. Kaskazini mwa Isiolo ardhi ni tambarare, imekatwa na laga zinazokaa kavu miezi mingi kisha kufurika kwa saa chache. Tuta la barabara likiinuliwa bila matundu ya kutosha hugeuka bwawa: upande wa juu unazama, upande wa chini malisho yanakauka, na shinikizo likizidi barabara yenyewe hukatika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena za mwishoni mwa 2023, zilikata barabara nyingi za kaskazini. Ili kupima kalvati, mhandisi huhitaji kumbukumbu za mvua za miaka mingi, lakini vituo vya kupimia mvua huku ni vichache na vimetawanyika. Ushahidi mwingine upo ukitafutwa. Takataka zilizonasa kwenye matawi ya migunga huonyesha maji yalifika kimo gani, na wazee wanajua ni laga ipi iliyohama mkondo na mwaka gani. Mhandisi anayesimama kwenye laga akapima kimo cha takataka hizo kwa futi yake, kisha akakilinganisha na hesabu za mezani, amefanya sayansi kamili. Kule Kitui na Makueni, maji yanayotiririka kutoka barabarani yameelekezwa kwenye mashamba na vidimbwi. Sioni kwa nini nchi ya wafugaji ikose hayo, ilhali kidimbwi kimoja kando ya barabara ni siku kadhaa za kunywesha mifugo.

Kisha mifugo yenyewe. Vitabu vya usanifu huhesabu kwamba gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa huhitaji takriban mita 185 kutoka dereva anapoona kizuizi hadi linaposimama. Jioni, wakati mifugo inarudi bomani na taa za magari bado hazijashika, dereva haoni mbali hivyo, na kundi la ngamia halikimbii. Waborana wa Waso, yaani wa eneo la Isiolo, wana utaratibu wao wa kale wa dedha, ambamo wazee huamua malisho yapi ya kiangazi na yapi ya masika, na mifugo ipite wapi kwenda majini. Kwa maneno mengine, ramani ya vivuko ipo tayari. Inahitaji kuulizwa tu. Wapo watakaosema njia za chini kwa ajili ya wanyama ni anasa. Lakini tangu 2011, si mbali na Isiolo, tembo wamekuwa wakipita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kwenye njia iliyojengwa kwa msaada wa wafadhili kuunganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Kama tembo amejengewa na akajifunza kupita, ngamia ana kasoro gani, isipokuwa kwamba mwenye ngamia hana wafadhili. Kalvati ya kawaida ya sanduku humfaa mbuzi. Ngamia huhitaji kimo zaidi, na nyongeza hiyo ni nafuu tuta linapojengwa, ghali mno baadaye.

Mjini, hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi, na inastahili kusikilizwa. Vibanda vimo ndani ya hifadhi ya barabara kinyume cha sheria, alama ya X ya kubomolewa hupakwa ukutani, na mwenye kibanda alijua. Ni kweli. Lakini soko la kando ya barabara kuu linaletwa na barabara kuu. Akina mama wa Isiolo wanaouza maziwa ya ngamia, baadhi yao katika ushirika wa Anolei, hupokea mitungi kutoka nyikani na kuisafirisha kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa hayawezi kungoja, kwa hiyo biashara hiyo lazima iwe karibu na basi. Ukiwafukuza leo watarudi kesho, kwa sababu basi nalo litarudi. Dawa ni kujenga mahali pa basi kusimama nje ya lami, njia ya miguu, na matuta yanayomlazimisha dereva kushika kilomita 50 kwa saa ambazo sheria ya Kenya imeweka kwa miji. Barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu. Barabara ya mchepuko itapunguza malori mjini, nami naiunga mkono, ila mji huufuata mchepuko kama ulivyoifuata barabara ya kwanza. Hifadhi ya mchepuko isipolindwa tangu mwanzo, nao utakuwa na vibanda vyake.

Pingamizi kubwa ni fedha. Wapo wasemao kwamba kaskazini ilisubiri lami nusu karne, hivyo kila shilingi inayokwenda kwenye kivuko ni kilomita iliyocheleweshwa Wajir au Mandera. Hoja hii inauma, maana subira hiyo ilikuwa dhuluma. Lakini kupuuza wanaokata njia nako kuna bei. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa wavuvi wa Lamu fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, huohuo ambao Isiolo ni njia panda yake, na ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa kazi ya lami inaendelea kutoka Isiolo kupitia Kulamawe na Modogashe kwenda Wajir na Mandera, zaidi ya kilomita 700, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika mkataba wa ujenzi kuna jedwali la kazi na bei zake, na mwanakandarasi hulipwa kwa kilichoandikwa humo. Kivuko cha ngamia kisichokuwa na mstari wake kwenye jedwali hakitajengwa, hata mhandisi msimamizi awe na huruma kiasi gani. Ndiyo maana wazee wa dedha na akina mama wa maziwa wanapaswa kuitwa kabla zabuni haijatangazwa, michoro ikiwa bado ya penseli, na yale watakayoonyesha ardhini yaandikwe kwenye jedwali hilo kwa namba, kipimo na bei.