Walter Felsenstein na Lugha ya Opera

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au mengi, huimbwa kwa kufuatana na vyombo vya muziki. Kwa kuwa opera nyingi mashuhuri zilitungwa kwa Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani, tangu zamani pamekuwa na mabishano: je, ziimbwe kwa lugha ya mtungaji au kwa lugha ya msikilizaji? Katika makala haya nimekusudia kumkumbuka mtu aliyelijibu swali hilo kwa kazi ya maisha yake, yaani Walter Felsenstein, aliyefariki tarehe 8 Oktoba 1975, na kueleza kwa nini jibu lake latuhusu sisi tunaochungua lugha.

Felsenstein alizaliwa Vienna mwaka 1901, akawa mwigizaji kabla ya kuwa mwongozaji wa michezo. Mwaka 1947, Berlin ikiwa bado magofu ya vita, alianzisha Komische Oper katika upande wa mji uliokuwa chini ya Warusi, akaiongoza mpaka kufa kwake. Alishika kanuni moja: mtu jukwaani haimbi kwa sababu ana sauti nzuri, bali kwa sababu yamemfika mambo yasiyoweza tena kusemwa kwa maneno matupu. Ikiwa msikilizaji haelewi maneno, hawezi kujua ni jambo gani lililomfanya mtu huyo aimbe. Kwa hiyo michezo yote katika nyumba ile iliimbwa kwa Kijerumani.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisomea udaktari Ulaya, nilisikiliza opera kwa lugha nisiyoijua, nikaisifu sauti ya mwimbaji. Baadaye nilisikia nyingine kwa lugha niliyoijua. Sauti nikaisahau, nikamhurumia mtu. Tangu siku hiyo nimeielewa kanuni ya Felsenstein.

Lakini kufasiri maneno ya kuimbwa ni kazi ngumu, naye aliifanya kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoifasiri Carmen ya Bizet aliyoionyesha mwaka 1949. Mfasiri wa kitabu hutafuta maana. Mfasiri wa wimbo hutafuta maana, idadi ya silabi, na mahali pa mkazo, wala hana ruhusa ya kubadili lahani. Tuchukue mfano mwepesi. Neno la Kiitaliano *amore* lina silabi tatu, na mkazo uko katikati. Kijerumani husema *Liebe*, silabi mbili, mkazo mwanzoni. Mfasiri hulazimika kutanguliza kibainishi, *die Liebe*, ndipo lahani ijae. Kiswahili hakina haja ya hila hiyo: *mapenzi* laingia mahali pa *amore* sawasawa.

Tukigeukia Kifaransa, mambo hubadilika. *Amour* lina mkazo mwishoni, nasi maneno yetu karibu yote yana mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tukiweka *penzi* mahali pake, mkazo utaangukia sauti dhaifu ya lahani. Tukilisogeza neno mbele, silabi ya mwisho itakosa sauti ya kuibeba. Hapana budi sentensi nzima iundwe upya. Wimbo wa taifa wa Tanzania watupa ushahidi wa upande wa pili. Lahani yake ilitungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897 kwa maneno ya Kixhosa, lugha ya Kibantu ambayo nayo huivuta silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana maneno ya Kiswahili yaliipokea bila taabu kubwa.

Ualimu wa Felsenstein ulikuwa katika mazoezi, nayo yalikuwa marefu. Waimbaji wa kundi, ambao kwingine huhesabiwa kuwa umati tu, aliwataka kila mmoja awe mtu mwenye nafsi yake; katika nyumba ile huitwa *Chorsolisten*, yaani waimbaji wa pekee walio katika kundi. Opera ya Janáček juu ya mbweha jike, aliyoionyesha mwaka 1956, ilichezwa zaidi ya mara 200. Götz Friedrich na Joachim Herz walijifunza kwake, kisha wakawa waongozaji mashuhuri. Herz ndiye aliyemrithi mwaka 1976.

Mwaka 2012 nyumba hiyo iliacha sharti la kuimba kwa Kijerumani peke yake, na watazamaji walikuwa wamekwisha kuwekewa tafsiri ya kusoma mbele ya viti vyao. Wenye kuutetea uamuzi huo husema kwamba mtungaji alilifunga kila neno na sauti yake, na hoja hiyo si dhaifu. Hata hivyo anayesoma huinamisha macho wakati mwimbaji anapotaka kutazamwa, na hupata maana kabla au baada ya sauti, si pamoja nayo. Felsenstein alitaka maana na sauti zifike pamoja. Kama Kiswahili chaweza kuzifikisha hivyo katika opera nzima ni jambo lisiloamuliwa kwa mabishano. Yafaa wenzetu wa ushairi na wa muziki wachague opera moja ya Kiitaliano, wakae pamoja, waifasiri kwa kuimbwa.