Kwa picha ya ukutani, chagua filamu kabla ya lenzi

Anayetaka picha ya upana wa mita moja na nusu, ya kutundikwa kanisani au sebuleni hapa Bunia, mara nyingi huanza kwa kuulizia lenzi: ni ya kampuni gani, ni kali kiasi gani, ni bei gani. Swali hilo limetangulia zamu yake. Cha kuchagua kwanza ni ukubwa wa filamu, na kwa kazi nyingi za mji huu naona jibu ni roli ya 120 inayotoa picha za sentimita 6 kwa 7, pamoja na lenzi ya kawaida isiyo na makuu. Filamu ya milimita 35 ni ndogo mno kwa kazi hii. Ile ya vipande vya inchi 4 kwa 5, inayosifiwa sana na mabingwa, hupoteza sehemu kubwa ya faida yake ikishafika kwenye mazingira yetu.

Chukua kwaya iliyojipanga kwa upana wa mita 10. Uso wa mwimbaji mmoja una upana wa sentimita 15 hivi. Kwenye negativi ya milimita 35, ambayo upana wake ni milimita 36, uso huo hupata nusu milimita tu. Kwenye 6 kwa 7, yenye upana wa takriban milimita 70, hupata milimita nzima. Filamu nzuri iliyotumiwa kwa uangalifu wa kawaida hutenganisha jozi kama 50 za mistari myeusi na myeupe katika kila milimita. Basi macho, pua na mdomo wa mwimbaji vitagawana jozi 27 kwenye filamu ndogo, na zaidi ya 50 kwenye kubwa. Lenzi ghali itaongeza kidogo, lakini kuongeza maradufu haiwezi.

Wapo wanaojibu kwamba picha kubwa hutazamwa kwa mbali, na kihesabu wana haki. Kwa umbali wa mita mbili jicho zima halitenganishi zaidi ya jozi moja hivi kwa milimita, na negativi ya milimita 35 iliyokuzwa mara 42 kufikia upana wetu bado hutoa jozi 1.2. Mabango ya Boulevard de la Libération yanaishi kwa kanuni hiyo, kwa kuwa anayeyatazama yuko juu ya pikipiki. Picha ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Bunia ina mtazamaji wa namna nyingine: mama anayemtafuta mwanawe katika safu ya tatu. Huyo atasogea hadi nusu mita na kunyoosha kidole. Kwa umbali huo jicho hudai zaidi ya jozi tatu. Negativi ndogo inabaki na 1.2 yake, 6 kwa 7 inatoa 2.3, ambazo hazitimizi dai lote lakini zinatosha sura itambulike bila ubishi.

Kisha kuna skana, ambayo wapenda lenzi huisahau. Skana ya mezani inaweza kujitangaza kwa nukta 6,400 kwa inchi, ilhali uwezo wake halisi mara nyingi huishia kwenye 2,300 hivi. Kwa kiwango hicho filamu ya milimita 35 hutoa pikseli milioni 7, na 6 kwa 7 hutoa milioni 32. Udhaifu wa mashine ni uleule. Negativi kubwa inauhimili.

Mbona basi tusiende moja kwa moja kwenye filamu ya vipande, ambayo eneo lake ni karibu mara tatu ya 6 kwa 7? Richard Mosse wa Ireland alipita Kivu kuanzia 2010 na kamera kubwa ya mbao na filamu ya Aerochrome, inayogeuza majani kuwa waridi, na picha zake hujaza kuta bila kuchoka. Kabla yake, kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang alitoka katika misitu na savana za kaskazini-mashariki mwa Kongo na karibu negativi 10,000 kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Inawezekana, naam, ila mizigo ya Lang ilipanda vichwani mwa wapagazi, jambo ambalo wanaosifu kamera kubwa hawalitaji. Tatizo jingine ni la fizikia. Lenzi ya kawaida ya vipande ni ya milimita 150, na ili nyasi za karibu na vilima vya Djugu vionekane vyote kwa ukali, tundu hufungwa hadi f/32. Hapo mwanga hupinda kwenye kingo za tundu na ukali hushuka chini ya jozi 50. Kwa filamu ya ISO 100 kwenye jua kali, mfyatuo unakuwa sehemu moja ya 25 ya sekunde. Asubuhi, kabla jua letu la ikweta halijapanda utosini, unakuwa mrefu zaidi, na nyasi hazimsubiri mtu.

Kwa 6 kwa 7, lenzi ya milimita 90 kwenye f/11 au f/16, juu ya stendi ya miguu mitatu, inatosha. Kwaya yetu itaingia yote mpiga picha akirudi nyuma mita 13 au 14. Atakayetumia lenzi pana ili asogee karibu atavuta nyuso za walio mwisho wa safu, na hao ndio watakaolalamika. Asiyepata kamera ya 6 kwa 7 atafute Yashica-Mat 124G: lenzi yake ina vioo vinne tu, lakini negativi yake ya mraba ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ndogo.

Pingamizi zito ni la kamera za dijiti. Mwenye kamera nzuri ya pikseli milioni 24 ameshaipita filamu ya milimita 35 iliyopita kwenye skana ya mezani, wala hana haja ya kuirudia. Mpiga picha Sebastião Salgado aliiacha milimita 35 kwa ajili ya Pentax 645, yenye negativi kubwa zaidi, alipoanza mradi wake wa Genesis, na 2008 akahamia dijiti, kwa sababu mojawapo ya mashine za eksirei viwanjani mwa ndege. Mashine mpya ni kali zaidi. Anayeleta roli zake kwa ndege kupitia Entebbe aombe zikaguliwe kwa mkono, na achague ISO 100, inayoumia polepole kuliko 400.