Kuhamishwa kwa Wameru wa Engare Nanyuki

Katika miaka yote ambayo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, hakuna shauri la ardhi lililosikika mbali kama lile la Wameru, watu wa Mlima Meru karibu na Arusha, ambao takriban 3,000 kati yao waliondolewa kwa nguvu katika nchi ya Engare Nanyuki kuanzia tarehe 17 Novemba 1951. Jina lenyewe ni la Kimaasai na maana yake ni maji mekundu. Na maji hayo, pamoja na malisho yaliyoyazunguka, ndiyo yaliyoifanya nchi hiyo itamaniwe na pande mbili ambazo nguvu zake hazikulingana hata kidogo.

Msomaji wa Ikuti, au wa kokote kule katika miteremko ya Rungwe, anaweza kuuelewa mkasa huu kwa haraka, kwa sababu Mlima Meru, kama Rungwe, ni mlima wa volkeno, na miteremko yake ya kusini ina udongo mweusi, mvua za kutosha, migomba, kahawa na watu wengi mno kuliko ardhi iliyopo. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi, lakini ulikuwa na nafasi, na Wameru waliokosa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na makaburi ya wazee, walihamia huko kulima na kulisha mifugo, kama vile familia nyingi za Wanyakyusa zilivyoshuka kwenda Usangu kutafuta mashamba ya mpunga baada ya vibanja vya nyumbani kugawanywa hadi visigawanyike tena. Msongamano huo wa kusini haukutokana na wingi wa watoto peke yake, kwani baada ya mapigano ya mwaka 1896, ambapo wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa huko Akeri na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa ukatili, mashamba ya walowezi yalizidi kuenezwa chini ya mlima mpaka wenyeji wakajikuta wamezungushiwa mviringo wa ardhi isiyo yao. Engare Nanyuki ilikuwa mlango uliobaki wazi, na sehemu yake Wameru waliwahi kuinunua tena kwa fedha zao wenyewe.

Mlango huo ulifungwa kwa hoja iliyoandikwa kwa lugha ya utulivu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza mgawanyo wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, naye akapendekeza kwamba mashamba ya wazungu na ya Waafrika yasichanganyike, bali kila jamii iwe na eneo lake lililoungana, na kwamba ukanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa walowezi, wafuge humo ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Wameru waliahidiwa ardhi nyingine, hasa Kingori, na serikali ikasisitiza kwamba kwa hesabu ya ekari hawakupunjwa. Lakini ekari hupima upana wa nchi tu. Haisemi lolote juu ya joto la bondeni, wala juu ya mbung'o, yule inzi anayeua ng'ombe, wala juu ya malaria inayowapata watu walioshuka kutoka penye baridi. Wameru waliyajua hayo, wakakataa kuhama, na baadaye wakakataa pia kupokea fidia, kwa kuwa kuipokea kungekuwa sawa na kukiri kwamba wameuza.

Ndipo polisi walipotumwa. Nyumba na maboma ya mifugo vilichomwa moto, watu wakasombwa pamoja na vyombo vyao, na mifugo mingi ikafa njiani na huko ilikopelekwa.

Tukio hili linafanana kwa namna ya kuhuzunisha na lile la Wacherokee, wenyeji wa kusini-mashariki ya Marekani, ambao kufikia mwaka 1828 walikuwa na katiba yao na gazeti lililochapishwa kwa maandishi ya lugha yao. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, lakini uamuzi huo haukutekelezwa. Mwaka 1835 kikundi kidogo kisicho na idhini ya taifa lao kilitia saini mkataba wa kuitoa nchi, na kati ya mwaka 1838 na 1839 watu wapatao 16,000 wakaswagwa kuelekea magharibi, ambapo inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Watu hao nao walikuwa wameandika, wameshtaki na wamebishana kwa hoja za kisheria, jambo linaloonyesha kwamba wanaonyang'anywa ardhi si lazima wawe watu wasiojua njia za kujitetea.

Hata hivyo Wameru walikuwa na kitu kimoja ambacho Wacherokee hawakuwa nacho. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, bali nchi ya udhamini, maana yake nchi ambayo Uingereza iliitawala kwa niaba ya Umoja wa Mataifa na kwa sharti la kutoa maelezo, huku wenyeji wakiwa na haki ya kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, na mwaka 1952 Kirilo akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, akikumbukwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Baraza lilisikitika, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Shauri lilipofika Baraza Kuu mwishoni mwa mwaka huo, azimio la kutaka Wameru warudishiwe nchi yao liliungwa mkono katika kamati, kisha likakosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika katika kikao cha wote.

Kwa mujibu wa karatasi, basi, Wameru walishindwa. Lakini Kirilo aliporejea alizunguka nchini akiwasimulia watu yaliyotendeka, na kwa wasikilizaji wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutambua kwamba gavana naye ana mkubwa wake anayeweza kumhoji. Miaka miwili baadaye chama cha TANU kilichodai uhuru kilizaliwa, na mwaka 1955 kiongozi wake, Julius Nyerere, alipita mlango uleule wa Baraza la Udhamini. Mradi wa ng'ombe wa walowezi, ambao kwa ajili yake nyumba zilichomwa, haukustawi, na katika miaka iliyouzunguka Uhuru Engare Nanyuki ilirudi mikononi mwa Wameru, ambao hadi leo wanalima huko.