Paipu za Matabaka: Kwa Nini Gundi ya PVC Haishiki

Wakazi wanaojenga au kuweka mitambo ya kupasha maji kwa jua hukutana madukani na paipu ambayo, ukiikata, unaona ukuta wake una matabaka. Kabla ya kuinunua, ni vyema kufahamu kinachoyashikanisha.

Kila tabaka lina kazi yake. Polithilini, iliyo ndani na nje, hupindika bila kuvunjika na haipati kutu. Katikati huwa na alumini, inayoipa paipu uimara na kuzuia hewa kupenya. Paipu nyingine hutumia plastiki ya EVOH kuzuia oksijeni, ambayo huleta kutu kwenye vyuma vya mitambo ambamo maji yaleyale huzunguka.

Hata hivyo, polithilini haishikamani yenyewe na EVOH wala alumini, sawa na mafuta na maji. Kwa hivyo viwanda huweka katikati tabaka jembamba la kuunganisha: polithilini iliyotiwa kemikali ya maleiki anhidridi. Tabaka hili hufanya kazi mfano wa sabuni, inayoshika mafuta na maji kwa pamoja. Sehemu yake ya polithilini husukana na polithilini ya jirani ikiwa bado imeyeyuka, nayo kemikali hushika EVOH au alumini.

Mshikamano huo ukiwa hafifu, matabaka hubanduka. La ndani linaweza kujikunja na kuziba njia ya maji, au viungo vikaanza kuvuja. Kumbuka, maji yakishapita kwenye mita huhesabiwa hata yakiishia ardhini.

Wakazi na mafundi wanashauriwa:

• Kagua ncha iliyokatwa. Ukiona matabaka yameachana, usinunue.

• Soma maandishi yaliyo kwenye paipu: kiwango cha ubora, shinikizo na joto inayostahimili. Si kila paipu ya matabaka inafaa maji moto.

• Usitumie gundi ya PVC. Gundi hiyo hulainisha PVC ili ishikane, lakini hailainishi polithilini.

• Kata kwa kikata paipu, si msumeno. Kisha sawazisha ncha na utumie viungio vilivyotengenezewa paipu hiyo.

• Usiipinde kwa moto. Joto la moto huweza kuharibu tabaka linaloshikanisha.

• Jaribu viungo vyote kwa shinikizo la maji kabla ya kufunika mtaro au kupiga plasta.